Rolex ya Stendi ya Bweri

Nimerudi toka Musoma juzi na kuna kitu kimenikera, acha nikiseme kabla hakijapoa. Waliowahi kufika stendi ya Bweri wanawajua vijana wa saa. Basi halijasimama vizuri, mkono umeshaingia dirishani umevaa saa mpaka kwenye kiwiko: Rolex, Omega, Rado, Rolex tena. Elfu kumi na tano, ukikaza elfu nane. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara hiyo, na Tume ya Ushindani, ile tunayoiita FCC, ndiyo yenye kazi ya kuzikamata bidhaa bandia. Lakini kusema kweli mimi sina ugomvi na wale vijana. Anayenunua Rolex kwa elfu nane anajua amenunua nini, na muuzaji anajua kwamba anajua.

Ugomvi wangu ni na bwana mwingine kabisa.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, anakaa hapo hapo Bweri. Siku chache baada ya kupata kiinua mgongo alifuatwa na bwana mmoja nadhifu, shati limenyooshwa, Kiswahili cha adabu. Gari lake limekufa Bunda, anahitaji sh. 350,000 za vipuri. Akavua saa mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hii ni Rolex, kaka yangu aliniletea toka Dubai. Kaa nayo, Ijumaa naikomboa." Akatoa na boksi la kijani lenye cheti. Ijumaa ikapita, na nyingine, na nyingine.

"Mpwa wangu, wewe mwandishi wa habari," mjomba akaniambia, "hebu niangalizie hii kitu."

Nikaiangalia. Mshale wa sekunde ulikuwa unaruka mara moja kila sekunde, tik, tik. Rolex za siku hizi hazitumii betri (waliwahi kutengeneza za betri, wakaacha zaidi ya miaka 20 iliyopita), na kwenye nyingi mshale unapiga hatua 8 ndogo ndani ya sekunde moja, kwa macho unaona kama unateleza. Kile kilenzi juu ya tarehe hukuza namba mara mbili na nusu. Cha mjomba kilikuwa kioo tu, tarehe ilikuwa ndogo kama sisimizi. Nyuma kulikuwa na dirisha la kuonyesha mashine, wakati Rolex karibu zote zimefunikwa chuma kitupu. Halafu namba. Nilirudi stendi nikaomba kuangalia saa tatu za kijana mmoja, zote tatu zilikuwa na namba moja, na ndiyo hiyo hiyo ya mjomba! Fundi saa wa mjini alipoifungua alicheka kwanza, ndipo akaitikia salamu yangu. Kibetri na plastiki.

Ila msije mkadhani macho yanatosha. Kuna feki za gharama ambazo mshale unateleza, uzito upo, kilenzi kinakuza, cheti kinang'aa. Hata Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989, ina feki zake. Ukibonyeza kitufe cha kulia kwa sekunde tatu hivi, halisi inaandika CASIo, na sasa feki nyingine nazo zimejifunza kuandika. Ukitaka usalama kamili wa rolex vuka ziwa uende Uganda, kule ni chapati iliyokunjwa na mayai.

Kwa hiyo mimi ningeanza na maneno ya muuzaji kabla ya saa. Rolex mpya inazidi shilingi milioni 10. Mtu mwenye kitu hicho anakosaje laki tatu na nusu, hana hata ndugu wa kumpigia simu? Na ni nani anayesafiri na boksi la saa aliyoivaa? Boksi lile lile lililomtuliza mjomba ndilo lililotakiwa kumshtua. Mwambie mtu wa namna hiyo twende kwa fundi aifungue nikiona, halafu uangalie kama atakuwa na haraka ghafla.

Nilimwomba mjomba twende polisi. Akakataa katakata. "Nikamwambie nini OCD? Kwamba mwalimu wa hisabati ameingizwa mjini kwa saa?" Hapo ndipo panaponiuma. Bwana yule hategemei ujinga wa watu, anategemea aibu yao. Anachagua wastaafu, watu wenye heshima zao, anajua hawatasema hata kwa mke. Shangazi mpaka leo anaamini saa ile ni zawadi ya wanafunzi wa zamani. Nami nimeandika haya bila jina la mjomba kwa sababu tulikubaliana hivyo, lakini siku nikimwona bwana yule pale stendi, jina lake nitalitafuta.

Jana usiku mjomba alinipigia. Saa imesimama, nikija tena nimletee betri.