Kushi Si Mkia wa Misri

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana na dola ya Kushi mara nyingi bila ya kuitambua. Katika kitabu cha pili cha Wafalme husoma habari za Tirhaka, na katika Matendo ya Mitume habari za towashi aliyekuwa mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Wakushi. Na aghalabu hudhani kwamba hao wote ni watu wa Uhabeshi, akafunga kitabu akaenda zake. Hatumlaumu, maadamu wengi wetu tulisomeshwa habari za mafirauni kwa kirefu, na za jirani zao wa kusini kwa mstari mmoja.

Ilhali Kerma, mji wa Kushi ulio kusini ya maporomoko ya tatu ya mto Nili, katika nchi ya Sudani, ulikuwa makao ya wafalme wenye nguvu takriban miaka 2000 kabla ya kuzaliwa Kristo, na jengo lake la matofali ya udongo, liitwalo defufa na wenyeji, lingali limesimama kimo cha mita zipatazo 18. George Reisner, Mmarekani aliyepachimbua kuanzia mwaka 1913, alipoyaona makaburi yale makubwa na vyombo vile vya ufinyanzi vilivyo vyembamba mno, alikata shauri kwamba pale palikuwa kituo cha liwali wa Kimisri, kwani hakusadiki kuwa watu weusi wangaliweza kazi kama ile. Ulikuwa ujinga uliovaa joho la elimu, na ulidumu miaka mingi.

Ni kweli kwamba Misri iliitwaa Kushi, ikaitawala karne nne na zaidi. Lakini katika karne ya nane kabla ya Kristo mambo yalipinduka: Mfalme Piye aliondoka Napata, chini ya mlima Barkal, akateremka na mto hata akaitiisha Misri yote, na habari zake akazichora juu ya jiwe lililoko Cairo hivi leo. Katika jiwe hilo asimulia jinsi alivyoingia katika mazizi ya adui yake aliyeshindwa, akawakuta farasi wamedhoofika kwa njaa, akaghadhibika kwa hilo kuliko kwa uasi wenyewe. Nakiri kwamba naipenda habari hii kuliko habari za vita vyake vyote. Tirhaka, ambaye wanazuoni humwita Taharka, ni mwanawe. Yeye ndiye aliyepambana na Waashuri, na baada yake Wakushi wakarejea kwao.

Hawakurejea kufa. Walikaa katika mji wao wa Meroe, wakifua chuma na kujenga piramidi, takriban miaka elfu nyingine. Kandake si jina la mtu bali ni cheo, nacho kilishikwa na wanawake wenye mamlaka makubwa. Na mmoja wao, mwenye chongo, alipigana na Warumi baada ya wao kuitwaa Misri. Kichwa cha shaba cha Kaisari Augusto, kilichochukuliwa vitani, kilizikwa chini ya kizingiti cha hekalu huko Meroe ili kila aingiaye akikanyage, kikafukuliwa mwaka 1910, nacho sasa kiko London. Vita vilikwisha kwa suluhu, na Kaisari akawaondolea kodi.

Walikuwa na hati yao pia. Sauti za herufi zake zajulikana tangu Mwingereza Griffith alipozifumbua zaidi ya miaka 100 iliyopita, walakini maana ya maneno mengi haijafahamika, kwa hiyo Wakushi twawasikia zaidi kwa vinywa vya Wamisri, Wayunani na Warumi. Na mabaki yao nayo hayakusalimika: tangu Aprili 2023 Sudani imo vitani, na makumbusho ya Khartoum, yaliyohifadhi turathi za Wakushi, yameporwa.

Basi nawaomba wanaotunga vitabu vya taarikhi kwa shule zetu: wasingoje amani ya Khartoum wala kufumbuliwa kwa maneno ya hati hiyo. Sura ya kwanza ya mto Nili ianze Kerma.