Mpaka Halisi Hauko Horohoro

Likizo iliyopita niliiondoa familia yangu hapa Mlolongo alfajiri, tukaelekea Tanga kwa gari. Mji wetu huu, yasemekana, ulipata jina lake kutokana na malori yaliyopanga foleni kungoja mizani. Tulipoipita Voi tukaingia nyika ya Taru: miiba, vumbi jekundu na joto kali, hadi tulipokaribia Mariakani.

Nyika hiyo ina historia yake katika lugha. Zamani watu wa mwambao waliwaita majirani zao Wamijikenda "Wanyika", jina la dharau ambalo sasa limeachwa. Nasi wa bara tumeigeuza nyika kuwa kisingizio. Mtoto akiboronga Kiswahili, twajitetea: "Sisi ni watu wa bara; lugha hii ina wenyewe huko pwani."

Kisingizio hicho kilinitahayarisha tulipovuka mpaka pale Horohoro. Binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hupata alama za juu katika Kiswahili, alimwendea mama mmoja mtu mzima aliyeuza machungwa. Hakumwamkia, aliuliza bei kwa Kiingereza. Mdogo wake akadakia, "Niaje, mathe?" Mama yule alitabasamu, akasema kwa upole, "Karibuni, wanangu. Kwenu hamsemi shikamoo?"

Garini nilianza kufoka. Binti yangu akanikatiza: "Baba, najua chungwa liko katika ngeli ya LI-YA. Lakini nyumbani kwetu ni nani asemaye Kiswahili?"

Nilikosa jibu. Mimi ni mhadhiri wa isimu. Hufafanua sauti za Kiswahili kwa Kiingereza, kisha hurudi nyumbani nikawasemesha wanangu Kiingereza hichohicho, nikidhani nawafungulia milango. Kweli, mganga hajigangi.

Wapo watakaosema kwamba Watanzania wamejaliwa tu. La hasha! Mpaka ule ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na Wadigo wangali pande zote mbili. Isitoshe, uamuzi wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulipitishwa Mombasa, katika mkutano wa mwaka 1928. Tofauti yetu na jirani haikuletwa na nyika wala mpaka. Wenzetu, tangu miaka ya 1960, waliamua kuwafundisha watoto wa shule za msingi za umma kwa Kiswahili. Sisi, kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, tulikifanya somo la lazima la mtihani. Katiba ya mwaka 2010 ikakipa hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, kwa mtoto wetu kimebaki kuwa karatasi ya kujibiwa, si kinywa cha kusemea.

Sisemi kwamba Sheng ni adui. Vijana wana haki ya lugha yao ya rika. Msiba ni pale kijana anapokuwa na vazi moja tu la kuendea mpirani na matangani.

Walimu wenzangu, tusiache kufundisha ngeli. Lakini tuwape wanafunzi nafasi ya kununua, kuomba radhi, kutoa pole na kubishana kwa heshima, na tuwasahihishe bila kuwacheka. Nanyi wanafunzi, msingoje safari ya Tanga. Muuza mboga wa hapa Mlolongo anaamkiwa vilevile.

Tangu turejee, tumeafikiana kwamba chakula cha jioni kitaliwa kwa Kiswahili. Juma la kwanza meza ilikuwa kimya kama kaburi. Juma la pili mwanangu mdogo aliniuliza sababu ya kusema "nimeshiba" badala ya "ninashiba", nami nikamweleza kwa Kiswahili. Nakiri kwamba mara mbili nilikwama, na binti yangu ndiye aliyenikwamua.