Mwani Mwekundu Usio Mwekundu: Funzo kwa Waundaji wa Istilahi

Istilahi ni kioo cha maarifa. Kioo kikipinda, sura nayo hupinda. Ukweli huu unabainika katika istilahi "mwani mwekundu", inayotumiwa kutaja kundi ambalo wanabiolojia huliita Rhodophyta. Istilahi hii imetafsiriwa neno kwa neno, na tafsiri ya aina hiyo ina hatari zake.

Mwenyeji wa pwani huenda asione dosari. Mwani unaokuzwa kibiashara Unguja tangu mwaka 1989 ni wa kundi hili, ingawa hata huo huonekana wa kijani au wa hudhurungi. Utata hukithiri mtu anapotoka baharini akaingia mitoni. Kundi zima lina zaidi ya spishi 7,000, na zile za maji baridi hazifiki asilimia 5. Hizo chache aghalabu si nyekundu, bali ni za kijani, za samawati, za rangi ya zeituni au nyeusi. Wekundu hutokana na kemikali iitwayo fikoerithrini, nayo katika spishi nyingi za mitoni hufunikwa na klorofili na fikosianini ya buluu. Mwanafunzi aliyefunzwa kutafuta wekundu ataipita Batrachospermum kijitoni, na nyuzi zake telezi zenye vifundo kama shanga, akidhani ni ukoga tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sayansi yenyewe imewahi kuponzwa na sura. Vishada vidogo vilivyoitwa Chantransia vilihesabiwa kuwa jenasi kamili hadi karne ya 19, Simon Sirodot wa Ufaransa alipodhihirisha kwamba baadhi yake ni hatua tu katika maisha ya Batrachospermum. Kiumbe kimoja kilikuwa kimepewa koo mbili! Leo watambuzi hukagua viungo vya uzazi kwa hadubini. Fauka ya hayo, hulinganisha jeni, hasa ile iitwayo rbcL, kwani sampuli nyingi hupatikana bila viungo hivyo. Uchunguzi wa namna hii ndio uliofanya baadhi ya spishi za Batrachospermum zitengwe mwaka 2009 na kuundiwa jenasi ya Kumanoa.

Maadamu wenye hadubini hujisahihisha, waundaji wa istilahi hawana udhuru. Yafaa kundi zima liitwe "rodofita", na majina ya kimaelezo yaachiwe spishi ambazo sura zake zimethibitishwa. Watakaopinga watasema kwamba hata jina la Kigiriki lina maana ya wekundu. Ni kweli, lakini maana hiyo haisikiki katika sikio la Mswahili, hivyo haimpotoshi. Wengine watalalamikia ukopaji, ilhali "oksijeni" na "klorofili" zimekwisha kupata uraia katika Kiswahili bila kukidhoofisha.

Lililo muhimu zaidi ni utaratibu. Orodha za istilahi za biolojia hazipaswi kukamilishwa mezani, kwa kamusi ya Kiingereza pekee. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza kwa hatua ndogo: kila orodha ipelekwe kwanza katika idara ya biolojia, na anayeunda jina akitazame kwa macho yake kile anachokipa jina, kabla halijachapishwa na kufundishwa.