Toa Tu, Hapa si Ulaya

Sentensi ghali zaidi katika gereji za nchi hii ni hii: "Hiyo toa tu, hapa si Ulaya." Inasemwa kwa roho safi, fundi akijipangusa grisi mikononi. Ukiikubali unatoka pale na gari lililopungukiwa na kitu kimoja, na bado umelipa.

Mimi naipinga. Na nitaipinga kwa kitu ambacho wengi wenu mtacheka mkisikia: hita ya pikapu kuukuu.

Anko wangu ana Toyota Hilux ya 1984, namba yake ni ya kabla ya KAA. Inabeba viazi na kabichi kutoka Njabini hadi Marikiti, na huondoka saa nane usiku. Anayeijua hiyo njia anajua Flyover ikoje saa hizo, na Kimende, mpaka ushukie Limuru. Nje ni ukungu. Ndani mna watu watatu wanaopumua, na makoti yamelowa, kwa hivyo kioo cha mbele kinafunga ukungu wake chenyewe. Kwa miaka kadhaa waliendesha hivi: anko ameshika usukani, tanboi anapangusa kioo kwa gazeti, na aliyekaa katikati anaomba Mungu.

Si kwamba gari halikuwa na hita. Hita ilikuwa imekatwa. Fundi fulani alikuta kishikio chake kwenye dashibodi kimekwama. Akachomoa mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, akaiita hiyo kazi baipasi. Akamwambia anko ile sentensi, na akalipwa.

Sasa, ukielewa hita ya gari la zamani ni kitu gani, utaona hiyo baipasi ni aibu. Injini ikishapata moto, maji yake huwa nyuzi 80 hadi 90 hivi. Sehemu ya maji hayo hupitia rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Feni inapuliza hewa juu yake, hewa inatoka na moto, inaelekezwa miguuni au kwenye kioo. Joto lenyewe ni la bure, ni lile ambalo rejeta kubwa ingelitupa nje. Kati ya injini na rejeta ndogo kuna valvu, na kati ya valvu na mkono wako kuna waya mmoja wa chuma ndani ya ala yake. Ukisogeza kishikio, waya unafungua au unafunga valvu. Basi, huo ndio mfumo wote.

Tuliitengeneza Jumapili moja nyumbani kwa anko. Kwanza tuliuchomoa waya pale kwenye valvu. Kishikio kikalegea, kwa hivyo ugonjwa haukuwa ndani ya dashibodi. Valvu ndiyo ilikuwa imeganda kwa kutu. Tukaipulizia mafuta ya kulegeza, tukanywa chai, tukaichezesha kidogo kidogo kwa vidole mpaka ikakubali. Waya nao ulikuwa umepinda, kwa sababu kuna mtu aliwahi kulazimisha kishikio kwa nguvu. Jirani akatuletea waya wa breki ya baiskeli. Huo haufai: umesokotwa, unajua kuvuta tu, na ukiusukuma unajikunja. Wa hita unavuta na kusukuma, kwa hivyo lazima uwe uzi mmoja mgumu. Tuliupata kwa muuza spea kuukuu. Kibanio kinachoshika ala kilikuwa kimepotea, na bila hicho ala nzima inatembea huku valvu imekaa pale pale. Kibanio ni shilingi 50. Rejeta ndogo tuliipitishia maji safi, yakatoka ya kahawia, halafu yakatakata, na haikuvuja. Tukanunua mipira mipya, na hiyo ndiyo ilikuwa gharama kubwa ya siku.

Siku hizi tanboi analala njiani.

Najua mtakaloniambia: Kenya kuna joto. Joto la wapi? Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, Timboroa zaidi ya mita 2,700. Uliza dereva wa lori anayepita Timboroa alfajiri kama hita ni mambo ya Wazungu. Anachohitaji pale ni kuona barabara, na kioo kilichofunga ukungu hakimwonyeshi chochote.

Hita ina ndugu yake aliyepatwa na msiba huo huo, anaitwa thamostati. Gari likichemsha, cha kwanza kutolewa ni hicho, kwa sentensi ile ile. Matokeo yake injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta zaidi, oili inabaki na unyevu, na hita inapuliza baridi hata kama ni nzima. Na kilichochemsha gari, labda rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, hakijaguswa. Kuna jingine. Gari likianza kuchemsha mlimani, hita ukiifungua mpaka mwisho inasaidia kuondoa joto kwenye injini, maana ni rejeta ya pili. Waliokata hita walikata na akiba hiyo.

Simlaumu fundi peke yake. Mteja anakuja saa nane, anataka gari saa kumi, na mfukoni ana soo tano. Kutafuta ugonjwa kunachukua muda, na muda hatutaki kuulipia. Tunalipia kitu kilichotolewa kwa sababu tunakiona mezani. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, nikisomea uhandisi wa mitambo. Tulikokotoa uhamisho wa joto kurasa nzima nzima, na hakuna siku niliyowekewa rejeta mkononi. Fundi naye alipewa spana, hakuna aliyemwambia kwa nini. Hatukukutanishwa, na anko ndiye aliyelipia.

Wengine mtasema dawa ni gari jipya. Hapa kiwango chetu cha KS 1515 kinakataa mtumba wa zaidi ya miaka 8, kwa hivyo yanayoshuka Mombasa leo mengi hayana ule waya. Yana vitufe vya umeme au skrini, na nyuma yake mota ndogo zinazosukuma milango ya hewa. Mota moja ikifa unahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari kabla hujashika bisibisi. Na si ati skrini ni bora kwa dereva. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima muda wa kufanya kazi ndogo ndogo kama kuongeza joto na kubadilisha stesheni ya redio, gari likienda kilomita 110 kwa saa. Volvo V70 ya 2005, ya vitufe vya kawaida, ilimaliza kwa sekunde 10. Lililoshika mkia, la skrini, lilichukua zaidi ya sekunde 40. Kwa kasi hiyo, sekunde 40 ni zaidi ya kilomita moja macho yakihangaika.

Sisemi turudi 1984. Hilux ya anko haina mifuko ya hewa, na ikigonga kitu sitaki kuwa ndani. Nasema tulichonacho tukielewe kabla hatujakikata. Ukizoea baipasi gerejini utaizoea na kwenu: mfereji unaovuja unafungwa kwa mpira wa tyubu, na lifti ya ploti inabandikwa kadibodi ya "haifanyi kazi" mpaka kadibodi yenyewe izeeke. Unapanda ngazi na unalipa rent ile ile.

Kwa hivyo fundi akikwambia atoe tu, muulize mambo matatu kabla hajashika spana. Hiki kitu kazi yake ni gani? Kimekufa chenyewe, au ni kinachokivuta? Kukitengeneza ni pesa ngapi, na ni muda gani? Akijibu, mlipe huo muda bila kulia. Akishindwa kujibu, beba gari lako uende kwa mwingine.