Seva moja ni sawa, lakini cheti kila mtu na chake

Mama mmoja wa huku Lac Vert aliniita pembeni ya njia ya kwenda Sake, akaniuliza kama tovuti yetu imeibiwa. Alikuwa ameifungua kwenye simu apate kusikiliza habari za jana yake. Simu ikamwandikia kwa Kifaransa kwamba mawasiliano si ya siri, na kwamba wezi wanaweza kuchukua habari zake. Akafunga. «Mwanangu, mimi naogopa vitu vya namna hiyo,» akaniambia. Ana haki ya kuogopa.

Hakuna aliyeiba kitu. Cheti ndicho kilikuwa kimeisha muda wake, na namna kilivyoisha ndiyo imenifanya niandike leo, sababu najua vikundi vingine hapa Goma vinakaa namna ileile tuliyokuwa tunakaa.

Tulikuwa tovuti sita juu ya seva moja: redio yetu, shule, mashirika matatu ya mtaani na kikundi kimoja cha akina mama wanaoweka akiba. Fundi aliyetupangia alichukua cheti kimoja akaandika majina yote sita ndani. Inaruhusiwa. Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bila malipo tangu mwisho wa mwaka 2015, wanakubali mpaka majina 100 kwenye cheti kimoja. Fundi akatuambia kila baada ya siku 90 kitajirefusha chenyewe, tulale usingizi. Tukalala kweli.

Shirika moja kati ya yale matatu halikulipa jina lake la intaneti. Jina likafa. Cheti kinapotaka kurefushwa, mtoaji anapitia jina moja moja kuona kama kweli linafika kwenye seva yako. Jina moja likikosa kujibu, kwa kawaida anakataa cheti chote. Programu ya seva ilikuwa inajaribu kila siku, ilianza mwezi mzima kabla ya muda kuisha, na kila siku ilikataliwa kimyakimya. Zamani Let's Encrypt walikuwa wanatuma barua pepe ya kukumbusha, lakini huduma hiyo waliifunga tarehe 4 Juni 2025. Fundi wetu alikwisha hama mji, na neno la siri la seva alikuwa nalo yeye peke yake. Basi asubuhi moja tovuti zote sita zikaanza kutisha watu, hata ya shule, ambayo haikuwa na deni la mtu.

Kuna wenzangu wanaosema dawa ni kutengana, kila mmoja atafute seva yake. Sikubaliani nao. Seva inalipwa kwa dola, kila mwezi, na kwa kadi. Tangu mwisho wa Januari 2025 benki za hapa mjini zilipofunga milango, kila mtu wa Goma anajua maana ya kulipa kitu cha ng'ambo: unamwomba ndugu aliye Kampala au Kinshasa, unamrudishia kwa njia unayojua wewe. Kufanya hivyo mara moja kwa mwezi inachosha. Kufanya mara sita, kwa vikundi ambavyo havina hata kiti cha ofisi, ni kuviambia vifunge. Kugawana seva ni akili nzuri. Kosa letu lilikuwa kugawana cheti.

Hapa watu wengi hawajui kwamba kuna kitu kilibadilika. Fikiria parsele yenye nyumba sita na mlango mmoja wa barabarani. Zamani mgeni alikuwa anagonga, na mlinzi alilazimika kumwonyesha kitambulisho kabla mgeni hajasema anatafuta nyumba ya nani. Sasa mlinzi aonyeshe cha nani? Ndiyo maana kila tovuti salama ilihitaji anwani yake ya namba, ama majina yote yabanwe kwenye cheti kimoja. Mwaka 2003 mafundi wa intaneti waliandika kanuni inayoitwa SNI: mgeni anasema kwanza jina la nyumba, ndipo mlinzi anatoa kitambulisho cha nyumba hiyo. Ilichukua miaka kuenea, sababu Internet Explorer ya Windows XP haikujifunza kamwe, lakini simu zinazouzwa leo zote zinaijua. Kwa hiyo seva moja, anwani moja, vyeti sita, kila kimoja na jina lake. Na bei yake bado ni bure.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi mimi kama mtu wa habari. Cheti ni karatasi ya wazi; yeyote anayefungua tovuti anaweza kukisoma. Cheti chetu kilikuwa kinasema wazi: redio hii, na shirika hili linalopokea ushuhuda wa watu waliohamishwa na vita, na kikundi kile cha akina mama, wanakaa pamoja. Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yalipoanguka kwenye kambi za hapa Lac Vert na Mugunga, simu yangu ilijaa sauti za watu wakieleza waliyoyaona. Watu kama hao wanastahili tahadhari yetu. Najua, mwenye ujuzi akifuata anwani ya seva ataona hata hivyo kwamba tuko pamoja. Lakini kwa nini tumwandikie orodha sisi wenyewe?

Na anayefikiri ataendelea kurefusha kwa mkono, ajue kwamba watoaji vyeti na makampuni ya vivinjari walikwisha kubaliana: kufikia Machi 2029 cheti hakitazidi siku 47.

Sisi tulimpata fundi kwa simu, akatoa neno la siri, na sasa linashikwa na watu wawili wasiokaa nyumba moja. Kugawa vyeti haikumaliza hata saa moja. Kila Jumatatu mmoja wetu anafungua tovuti zote kwenye simu kuangalia tarehe. Lile shirika bado halijalipa jina lake, na tovuti yake haifunguki, lakini nyingine tano zinaendelea.

Yule mama nilimpitia Jumapili. Alifungua mbele yangu, akasikiliza habari ya maji mpaka katikati, akauliza mbona sauti inakatika.

Hiyo ni mega, Mama. Mega zimeisha.