Sola ya Msikiti: Tupime Kabla ya Kuchangisha



Ndugu Waislamu, limekuwa tangazo la kawaida baada ya Swala ya Ijumaa katika misikiti yetu ambayo umeme wa gridi haujaifikia: betri ya sola imekufa, kila mmoja ajitahidi kwa alichojaaliwa. Waumini hutoa. Mama muuza vitumbua hutoa, na kijana wa bodaboda hutoa. Betri mpya hununuliwa, taa huwaka vizuri miezi kadhaa, kisha siku moja kipaza sauti hukatika katikati ya adhana ya Alfajiri na tangazo lile lile hurudi.

Betri inayokufa mapema mara nyingi imekufa kwa njaa, wala si kwa ubovu wa kiwandani. Kila siku ilitolewa zaidi ya ilichoingiziwa. Betri ya risasi na tindikali, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwetu, ikikaa siku nyingi bila kujaa huota chumvi ngumu kwenye sahani zake za ndani, na uwezo wake haurudi. Ukiweka mpya mahali pale pale bila kuondoa sababu, nayo itafuata nyayo za mwenzake. Michango ya waumini ni amana, na kamati haikupewa ili iitumie kwa kubahatisha.

Kinachohitajika kwanza ni mita ya kupimia umeme, kifaa ambacho bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya betri. Pimeni betri alfajiri, kabla mwadhini hajawasha chochote. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki na takriban nusu, na ikishuka chini ya 12 ipo hatarini. Kisha pimeni tena mchana wa jua kali. Chaji ikiwa inaingia, betri hupanda hadi 13 na zaidi, na kufika Alasiri husogelea 14.4. Ikiwa jua ni kali na betri imeganda kwenye 12 na kitu, fundi aichomoe paneli kwenye kidhibiti chaji na kuipima peke yake: paneli ya mfumo wa volti 12 husoma kati ya 20 na 22. Ikisoma hivyo, tatizo huenda liko kwenye nyaya au kwenye kidhibiti. Nasema huenda, kwa kuwa paneli yenye kivuli yaweza kuonyesha volti 20 na isitoe nguvu ya maana.

Na kivuli ndicho kinachonishangaza zaidi, maana sisi ni watu wa kivuli. Kabla ya saa za ukutani, wazee wetu waliijua Adhuhuri na Alasiri kwa kukitazama kivuli kikipinduka na kurefuka. Lakini paneli ya msikiti tunaifunga chini ya mnara na hatuulizi kivuli cha mnara huo kitaangukia wapi. Hapa Dar es Salaam jua la mchana mwezi Desemba huwa upande wa kusini, na mwezi Juni huhamia kaskazini. Fundi aliyefunga paneli Desemba, kusini mwa mnara, aliiacha juani kutwa nzima. Akirudi Juni ataukuta mnara umeilalia. Vipande vya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine, hivyo kivuli kikifunika kipande kimoja tu chaweza kuondoa nusu ya nguvu yote. Mtu apande darini asubuhi, adhuhuri na alasiri, atazame kwa macho yake. Akiwa huko huko afute vumbi na kinyesi cha kunguru, mapema kabla kioo hakijapata moto.

Kwenye nyaya, tazameni vichwa vya betri kama vimeota ukungu mweupe au wa kijani, na kama vimekazwa. Kidhibiti kikae karibu na betri. Waya wa milimita 2.5 za mraba, wenye urefu wa mita 10 kati ya viwili hivyo, ukipitisha ampia 8 hupoteza zaidi ya volti moja njiani. Kidhibiti hudhani betri imekaribia kujaa na kuanza kupunguza chaji, ilhali betri bado ina njaa.

Ikiwa vyote hivyo ni vizima, basi kamati ijitazame yenyewe. Chukueni paneli ya wati 150. Kwa saa 5 za jua zuri hesabu ya karatasini ni wati-saa 750. Ukitoa joto, vumbi na nyaya, tuseme zinabaki 500. Taa 6 za wati 9 kwa saa 5 hula 270. Amplifaya ya wati 40 kwa saa 2 hula 80. Jumla 350, mambo ni salama. Kisha mfadhili akaleta feni mbili za wati 40, Allah amlipe kheri, nazo zikazunguka saa 4: ongezeni 320. Sasa tunatumia 670 na kuingiza 500, na hakuna kikao kilichokaa kulijadili hilo. Ikija Ramadhani na Tarawehe, taa na feni huzidi saa. Simu nazo! Moja hula kidogo, lakini ishirini zikichomekwa ukutani katika siku za itikafu hula karibu sawa na taa zote. Inveta iliyoachwa wazi usiku kucha nayo hujilia kimya kimya.

Jambo moja halisubiri fundi. Betri za kujazwa maji hutoa gesi inayoweza kulipuka wakati wa kuchaji. Zisifungiwe kabatini pamoja na chetezo na makaa ya udi, wala zisiwekwe mahali ambapo watoto wa madrasa hufikia. Maji yakipungua, huongezwa yale maji safi yasiyo na tindikali yanayouzwa kwa ajili ya betri, si ya bomba wala ya kisima.

Mwadhini apewe daftari, aandike namba mbili kila siku: volti za Alfajiri na volti za Alasiri. Baada ya wiki mbili fundi akabidhiwe daftari hilo kabla hajafungua begi lake, na Ijumaa inayofuata katibu alisome mbele ya waumini, kabla chombo cha michango hakijapitishwa.