Askari Akiulizwa kwa Jina Lake

Mwaka 2008 brigedi moja ya Marekani ilirudi kutoka Iraq, na askari wake wakajaza fomu ya afya ambayo jeshi humpa kila anayetoka vitani. Fomu ile huandikwa jina. Watafiti wakiongozwa na Christopher Warner wakawapa baadhi yao dodoso jingine, lisilo na jina. Waliokiri sonona, kiwewe cha vita au mawazo ya kujiua wakawa mara mbili hadi mara nne ya waliojitokeza kwenye fomu ya jeshi. Kati ya wenye dalili za sonona au kiwewe, asilimia 20.3 walisema hawakuwa huru kujibu kwa ukweli kwenye fomu ile.

Toleo hili linahusu takwimu za tabia za kiafya jeshini, na naomba msomaji aanzie hapo. Askari anayeulizwa anakunywa pombe kiasi gani anakifikiria cheo chake kabla hajajibu. Ukiongeza sampuli kutoka elfu moja hadi elfu kumi, hofu hiyo haipungui. Kinachopungua ni mashaka ya mtafiti, na hilo ni baya zaidi.

Kuna kosa jingine, nalo nalikuta mara nyingi mno. Askari wa platuni moja wanakula pamoja, wanalala bweni moja na wanamtii kamanda mmoja, kwa hiyo hata uvutaji wao wa sigara hufanana. Chukua platuni 40 zenye askari 30 kila moja. Ikiwa mfanano wa majibu ndani ya platuni ni 0.05 tu, watu 1,200 wanabeba taarifa ya watu kama 490 waliochaguliwa mmoja mmoja. Mwandishi anayekokotoa kwa 1,200 anadai ushahidi asio nao.

Tena jeshi huchuja watu mlangoni, kisha walioumia na walioshindwa na pombe huondoka kabla hawajahesabiwa. Ndiyo maana utafiti mkubwa wa Millennium Cohort, ulioanza Marekani mwaka 2001, unaendelea kuwafuatilia watu hata baada ya kuvua sare.

Kwa hiyo kila mwandishi wa toleo hili tumemtaka aeleze kama dodoso lilikuwa na jina, nani alikuwemo chumbani likijazwa, na ni platuni ngapi zilizoshiriki. Washauri nasaha wa kambini hupangwa kwa kufuata hesabu hizi. Hesabu ikipunjwa, anayekosa mtu wa kuzungumza naye ni yule askari aliyeogopa kujibu.